Kabla hujaenda steshenari kuaplai chuo, fungua mwongozo wa TCU mwenyewe

Kila mwaka matokeo ya fomu siksi yakitoka, kwa kawaida mwezi wa saba, steshenari za mitaani zinafurika. Dogo kaja na namba yake ya mtihani, jamaa anamuuliza kombi gani, anajibu PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), basi jamaa anamjazia kozi anazozijua yeye, dogo anaondoka na risiti na hajui hata kaombewa nini. Sina ugomvi na watu wa steshenari jamani, wana kompyuta na neti ya uhakika, wanatusaidia sana, ila aliyelipwa kukujazia fomu siyo wa kukuchagulia kozi.

Kitu kinachodharaulika ni ule mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Unatoka kila mwaka, upo bure kwenye tovuti yao, ni pidiefu tu, tena ipo miwili, mmoja wa fomu siksi na mwingine wa wenye diploma, kwa hiyo mtu wa diploma asikae kusoma wa fomu siksi akajikatia tamaa bure. Ndani utakuta kila kozi ya kila chuo, sifa zake, inachukua miaka mingapi, halafu kuna sehemu watu wanairuka sana, idadi ya nafasi. Mi naona hiyo ndo ya kukodolea macho. Sifa ya chini inakuingiza kwenye foleni tu, haikupi kiti. Kwa kawaida digrii inataka principal pass mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), lakini udaktari wa binadamu wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na ukiomba chuo kama Muhimbili jua unagombea na watoto wenye A zao. Kwa hiyo omba unayoipenda sawa, ila weka na nyingine ambayo alama zako zinaimudu, na moja kwenye chuo ambacho watu hawakikimbilii.

Halafu tangu 2017 maombi yanaenda chuo kimoja kimoja, siyo ule mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010, so tovuti ya kila chuo unachokitaka lazima uipitie. Tafuta ada, tafuta na fomu ya kujiunga ya mwaka uliopita, humo ndo utakuta vile vihela ambavyo hakuna mtu anakwambia, hosteli, bima ya afya, kitambulisho. Na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu (code) wanayokutumia, sasa kama kwenye fomu iko namba ya simu na imeili ya mwenye steshenari hapo unamtafuta yeye na siku zinakatika. Weka zako, na paswedi ondoka nayo.

Magrupu ya WhatsApp mi nayatumia kwa kukumbushana tarehe tu, kingine chochote nahakiki. Bora utafute mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa kozi hiyohiyo umuulize wanasoma nini hasa na fildi (mafunzo kwa vitendo) wanaenda wapi, atakwambia ukweli ambao banda la chuo kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja hawatakwambia (ingawa ukiwa Dar nenda, ni rahisi kukuta vyuo vingi sehemu moja).

Mkopo nao una mlango wake, kuchaguliwa chuo hakukuombei mkopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wale wa usajili wa vizazi na vifo, na namba ya fomu foo unayotumia Bodi ya Mikopo iwe ileile uliyoombea chuo, waliorudia mtihani ndo wanachanganya hapa.

Na hapa nawapa Bodi ya Mikopo sifa yao, mwongozo wao wameshautoa kwa Kiswahili, mama yako anaweza kukaa akausoma na wewe. Wa TCU ni Kiingereza, makurasa kibao, mzazi anaishia kusema we nenda kamuulize yule wa steshenari. Watafsiri basi hata zile kurasa za mwanzo za utaratibu. Na walimu wa taaluma wachape zile kozi zinazohusu kombi za shule yao wabandike ubaoni watoto wakiwa bado fomu faivu, maana mwezi wa saba dirisha likishafunguliwa mtu anasoma huku presha imepanda.