Tumeshirikishwa, Tumesaini, Basi

"Wananchi wameshirikishwa." Kila nikisikia maneno hayo kwenye hotuba, mkono wangu unatafuta kalamu, maana kwa mtaa wetu, huku pembezoni mwa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kushirikishwa ni kusaini daftari la mahudhurio.

Mara ya mwisho tuliitwa kwenye kikao cha mafuriko Jumatano, saa nne asubuhi. Saa hiyo nani yuko nyumbani? Walikuja wastaafu, akina mama wenye genge mlangoni, na sisi tusio na ajira ya kueleweka. Mtaalamu akatandaza ramani, mto umepakwa bluu. Bibi mmoja akasogea, akaweka kidole mbali kabisa na ile bluu. "Mwanangu, maji hayatupigi kwa huko. Yanaanzia hapa kwenye kalavati. Yakikuta viroba vya taka yanarudi nyuma, yanakuja kutokea chooni kwangu." Mtaalamu akaandika. Tukanywa soda. Mpaka leo hajarudi mtu kutuambia kama hilo kalavati limo kwenye mpango.

Na si kwamba Dar hatujui namna ya kuuliza. Kuanzia 2015, Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mafuriko, iliwapitisha wanafunzi wa vyuo vikuu vichochoroni pamoja na wenyeji, wakichora mitaro na kuulizia maji yalifika wapi: kifundoni, gotini au kiunoni. Ukiuliza hivyo, hata asiyejua kusoma ramani ana la kukujibu. Kwa jirani yangu alama ya tope ya Desemba 2011 bado inaonekana chini ya rangi, juu kidogo ya swichi.

Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40. Waathirika wakapelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, na baadhi yao wakarudi bondeni. Wakaitwa wakaidi. Haya, mpigie hesabu mchuuzi wa samaki nauli ya kutoka Mabwepande hadi soko la samaki la Feri kila alfajiri, kisha umwite mkaidi. Hesabu hiyo angeifanya mwenyewe mbele yenu, kama angeulizwa kabla ya kupewa kiwanja.

Sasa tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, na kamati zake zinashuka mpaka huku chini. Vizuri. Ila kamati inayokutana mvua zikishaanza ni ya kugawa maturubai tu. Mimi naomba vikao viwili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, Jumapili jioni. Kisha ibandikwe karatasi ofisi ya mtaa: mlisema hili, tumefanya hili, hili limetushinda kwa sababu hii. Hata hilo la kushindwa tutalipokea. Kinachokera ni kimya.

Juzi mjumbe amepita tena kutangaza kikao. Yule bibi alikuwa barazani anachambua mchele. "Wanakuja kusema la kalavati?" aliuliza, macho kwenye ungo. Mjumbe akasema hilo halijui, ila soda zitakuwepo. Bibi akaendelea na mchele wake.