Maji ya Ruvu: viwanda na umeme tunavihesabuje?

Kukadiria maji ambayo Dar itayahitaji kutoka Mto Ruvu ni rahisi kukosea. Chukua kalkuleta turudi nyuma kidogo. Sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu milioni 2.5, ya 2012 ikaleta milioni 4.36, yaani jiji lilikuwa linakua kwa kama asilimia 5.6 kila mwaka. Aliyekaa ofisini 2012 akaisogeza hiyo 5.6 miaka kumi mbele alipata watu milioni 7.5 ifikapo 2022. Sensa ikaja na milioni 5.38. Watu milioni mbili hawapo! Ila usicheke mapema, maana mkoa wa Pwani kipindi hichohicho umeruka kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2, na watu wa Kibaha, Mlandizi na Bagamoyo wanakunywa Ruvu ileile.

Naanza na hilo sababu kuna ubishi hauishi hapa mjini tangu ule mgao wa Oktoba 2022, mto uliposhuka na sisi huku Kimara tukawa tunanunua dumu kwa mia tano, unaamka saa kumi usiku kufungua bomba linatoa upepo tu. Kuna wanaosema viwanda vinakuja, umeme unatakiwa, tujenge mabwawa na mitambo mikubwa, bora maji yazidi. Na kuna wanaosema makadirio yanavimbishwa ili mradi upite, zibeni mabomba kwanza.

Wa kujenga wana pointi nzito. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu unazalisha lita milioni 196 kwa siku, wa Ruvu Chini 270, jumla 466, na zote zinanyonya mto mmoja, kwahiyo unaweza kupanua mtambo utakavyo lakini mto ukisinyaa umepanua chuma tu. Ndo maana Bwawa la Kidunda, lile ambalo mkataba wake ulisainiwa Novemba 2022, ni la lita bilioni 190. Gawa kwa 466 unapata siku mia nne na kidogo, kabla jua halijachukua chake. Na viwanda kweli vinakuja, reli ya SGR na bandari kavu ya Kwala vinavivuta, na lita moja ya bia hata kwenye kiwanda kinachojibana inakula maji lita 3 mpaka 5.

Lakini kiasi gani? Hapo ndo pananikera. Mfano tu, tuseme viwanda vya bonde la Ruvu vinatumia lita milioni 50 kwa siku. Ukisema vitakua asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka 20 unahitaji milioni 90. Ukisema 6, unahitaji 160. Milioni 70 katikati hapo hazijatoka mtoni, zimetoka kwenye namba moja ambayo mtu kaiandika kwenye seli ya Excel. Halafu kiwanda maji yakipanda bei kinaanza kuyarudisha, kinaoshea chupa maji ya mzunguko, hicho asilimia ya kila mwaka haikijui. Wa kuziba mabomba nao wanateleza lakini, kwa miaka mingi zaidi ya theluthi ya maji ya Dar imekuwa haifiki kwenye bili, sawa, ila sehemu ya hayo haijavuja, watu wamejiunganishia na wanayatumia, ukiwakamata kiu yao haitoweki.

Umeme ndo unachanganywa kabisa. Kidunda itatoa megawati 20, na maji yakishazungusha tabaini, ile mashine ya kufua umeme, yanarudi mtoni yanashuka mpaka Ruvu Juu, kwahiyo ukiyaandika kama matumizi ya umeme halafu tena kama ya jiji umeyahesabu mara mbili. Hapo kambi ya pili iko sahihi. Ila umeme wa maji nao sio wa bure, bwawa linaliwa na jua. Angalia bwawa la umeme la Mtera, kwenye bonde la jirani la Rufiji, likijaa ni kama kilometa za mraba 600 na halina kina sana. Tuseme jua linabeba mita moja na nusu kwa mwaka ukishatoa mvua, hizo ni lita bilioni 900, karibu Kidunda tano, zimepaa. Kwahiyo swali la umeme sio megawati ngapi, ni bwawa pana kiasi gani na yanafunguliwa lini. Bonde hilohilo, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi ya Ruaha kila kiangazi tangu 1993, upande wa umeme ukalaumu mashamba ya mpunga ya Usangu, wengine wakasema mabwawa ndo yaliendeshwa vibaya, na kila upande ulikuwa na jedwali lake zuri tu.

Mimi niko na Kidunda, ila ningependa kuona viwanda vimeandikwa kwa namba mbili, ya chini na ya juu, na ya leo itoke kwenye mita, sio kwenye kibali cha kutumia maji. Kibali mtu anaombea kingi ili asisumbuliwe kesho, na visima ndo kabisa. Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu analinda kiwanda fulani cha vinywaji, kazi yake mojawapo ni kuandika mita ya kisima kila mwisho wa shifti. Nikamuuliza unaisomaje na kioo kimejaa ukungu hivyo. Akanionyesha daftari. Jumatatu mpaka Ijumaa namba zinacheza, ila za Jumapili zote, mwezi mzima, zimepanda kwa kiasi kilekile.