Mazoezi ya kusimama imara kwa wagonjwa wa MS: yapi yanaifaa Mwanza?

Mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana maltipo sklerosisi, maradhi yanayofupishwa MS, hujikuta kati ya maagizo mawili yasiyopatana. Ndugu humwambia apumzike, asijichoshe, asije akaanguka. Mtaalamu wa fiziotherapia humwambia asimame, atembee na ajizoeze kila wiki bila kukosa. Pande zote mbili zina hoja, na mimi naegemea upande wa mazoezi, ila kwa masharti ambayo watetezi wake mara nyingi huyaruka, hasa ushauri huo unapoletwa kwenye mji wa milima, mawe na jua kama Mwanza.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani ala inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Ala hiyo ikichubuka, taarifa huchelewa njiani au hupotea kabisa. Ili mtu asimame wima bila kuyumba, ubongo hutegemea taarifa za macho, za sikio la ndani, na za nyayo na viungo vya miguu. Hizi za miguuni zina safari ndefu kuliko zote, kwa sababu hupanda uti wa mgongo mzima, na uti wa mgongo ni mahali ambapo MS hushambulia mara kwa mara. Basi mgonjwa hujifunza kuegemea macho. Mchana utamwona anatembea vizuri tu, lakini akiinama bafuni kunawa uso, akafumba macho ili sabuni isimwingie, mwili unamwelemea upande mmoja na mkono unatafuta ukuta. Umeme ukikatika usiku, mambo ni hayo hayo. Wanaoishi naye hudhani anajidekeza, na dhana hiyo humuumiza kuliko kuanguka kwenyewe.

Hoja ya kupumzika ina historia yake. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa ambao uwezo wao wa kuona ulififia walipojitahidi kimwili. Baadaye ilibainika kuwa kisababishi ni joto: hata ongezeko la nusu digrii ya Selsiasi katika joto la mwili laweza kukwamisha taarifa katika neva iliyochubuka. Kwa miongo mingi madaktari waliwakataza wagonjwa wao mazoezi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya uchovu wa MS, ambao humwangusha mtu hata siku ambayo hajafanya kazi yoyote. Msimamo huo ulitikiswa mwaka 1996, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani, akiwemo Jack Petajan, walipochapisha matokeo ya wiki 15 za mazoezi ya viungo na pumzi. Washiriki walipata nguvu zaidi, na ugonjwa wao haukuchochewa. Dalili zinazoletwa na joto huondoka mwili unapopoa, wala hazichubui mayelini zaidi. Kinachodhuru taratibu ni kukaa tu: mapaja hulegea, vigimbi hukaza, kiwiliwili huinama mbele, na mtu anayeinama mbele tayari amekwisha kupoteza sehemu ya uwezo wa kujizuia asianguke.

Hata hivyo, watetezi wa mazoezi nao huahidi zaidi ya walichothibitisha. Tafiti zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa MS huanguka angalau mara moja ndani ya miezi 3, kwa hiyo swali la mgonjwa na familia yake ni moja: je, nitaacha kuanguka? Mwaka 2019 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 13 yenye washiriki 839 kuhusu kuzuia kuanguka katika MS. Yalikuta ushahidi kiasi kwamba mazoezi huboresha balansi na mwendo, lakini kuhusu kupunguza kuanguka kwenyewe, ushahidi ulikuwa haba na usio na uhakika. Sioni ajabu. Mtu huanguka akigeuka ghafla kumjibu aliyemwita, akishuka kwenye daladala huku konda anahimiza, au akibeba ndoo na kuzungumza kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, aliyepata nguvu hutoka nje mara nyingi zaidi, na anayetoka ndiye anayekutana na vikwazo. Kumwambia mgonjwa kwamba mazoezi yatamzuia kuanguka ni kumtayarishia kukata tamaa siku atakayoanguka. Kumwambia kwamba yatamsaidia kusimama vizuri zaidi na kwenda mbali zaidi ni kweli, na inatosha.

Kuna pia suala la aina ya mazoezi, na hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2020 kwa msaada wa Chama cha Taifa cha MS cha Marekani yanalenga angalau dakika 150 za mazoezi au shughuli za mwili kwa wiki, kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Lengo hilo ni jema kwa moyo na misuli, ila dakika hizo zote zikitumika kutembea kwenye sakafu tambarare, balansi haitabadilika sana. Balansi hujengwa kwa kuupa mwili kazi inayouyumbisha kidogo mahali salama. Mgonjwa asimame kwenye pembe ya chumba, ukuta ukiwa nyuma yake na kiti imara mbele yake, ndugu akiwa karibu. Aanze miguu ikiwa pamoja. Kisha aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Kisha ageuze shingo kulia na kushoto. Mwishoni kabisa afumbe macho. Kuinuka kitini bila kutumia mikono huimarisha mapaja na nyonga, na kunyoosha vigimbi hupunguza kukakamaa. Kuhusu mkao, kumkumbusha mtu kila saa anyooshe mgongo hakusaidii sana. Misuli ya tumbo na ya mgongo ikipata nguvu, mgongo hujinyoosha wenyewe.

Sasa tuje Mwanza. Vitabu vya Ulaya husifu mazoezi ya majini, kwa kuwa maji hubeba uzito na maji baridi huupoza mwili. Ziwa Victoria lipo mlangoni, lakini kichocho kimo ndani yake, na sitamshauri mgonjwa yeyote aende kufanya mazoezi ufukweni. Afadhali achague saa za alfajiri kabla jua halijakolea, apumzike kila baada ya dakika chache, na aweke kitambaa chenye maji shingoni. Pili, nyumba za Mabatini, Igogo na Bugarika zimepanda milimani katikati ya mawe, na njia zake ni ngazi zisizolingana kimo. Kushuka huko ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu mguu hutafuta kukanyaga mahali usipopahisi. Mazoezi yasiyofika kwenye ngazi hizo, kwa fimbo na msaidizi anayetangulia upande wa chini, hayajamwandaa mgonjwa kwa njia ya nyumbani kwake.

Ukichimba kichocho zaidi, kuna jambo zito kuliko mazoezi. Kwa nadra mayai ya minyoo yake huingia katika uti wa mgongo, yakaleta miguu dhaifu na kuyumba kunakoweza kufanana na MS. Upungufu wa vitamini B12, kaswende na VVU pia vyaweza kuleta dalili za namna hiyo. Haya yana tiba yake mahususi, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. MS yenyewe ni nadra zaidi katika nchi za ikweta, kwa hiyo anayeanza kuyumba kando ya ziwa apimwe kwanza, picha ya MRI ya ubongo na uti wa mgongo ikiwemo pale inapowezekana, kabla ya kuandikiwa mazoezi.

Linabaki suala la nani asimamie. Kupanda daladala hadi hospitali ya rufaa iliyo kwenye kilima cha Bugando mara kadhaa kwa wiki kunaweza kummaliza mgonjwa nguvu kabla hajaanza, ilhali mazoezi ya nyumbani yasiyo na jicho la mtaalamu huwa mepesi mno au ya hatari. Naona njia ya kufaa ni kuonana na mtaalamu mara chache, ndugu mmoja akifundishwa kusimamia, na maendeleo yakipimwa. Kipimo kimoja hakihitaji mashine: mgonjwa huinuka kitini, hutembea mita 3, hugeuka, hurudi na kuketi, huku saa ikihesabu sekunde. Hata zahanati ya Ukerewe inaweza kulifanya hilo mwanzoni na tena baada ya wiki 8. Sekunde zikibaki zile zile, yabadilishwe mazoezi kabla mgonjwa hajalaumiwa kwa uvivu.