Kata mbili za maji ya dawa

Jumapili moja ya mwezi mpevu Ami aliniambia, "Mwanangu, twende ukaone kisima cha maji ya dawa." Ami kastaafu kazi ya reli, na kwake njia ya kwenda popote duniani ni juu ya mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli. Saa tano tukatoka Changamwe tukashuka na kitawi cha reli kilichokufa zamani, kinachoteremkia horini. Ile njia kuu hata yeye hathubutu kuitembea, bado ina mabehewa ya mizigo.

Mataruma hayakupangwa kwa miguu ya binadamu. Ukikanyaga kila moja unatembea kama bibi harusi. Ukiruka moja unapiga msamba. Ukishuka pembeni, kokoto zinatafuna champali. Na haya ni ya chuma, yamepikwa na jua tangu alfajiri. Ami mbele, dumu la lita 5 mkononi, ananisimulia kwa mara ya mia jinsi reli ilivyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, upana mita 1 tu. "Hii mpya ya Miritini milimita 1,435. Ya nini yote hiyo?"

Kisima kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, hatua chache kutoka kwenye mikoko. Visima vya namna hii maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa hivyo hutekwa taratibu, juu juu. Ami alitupa ndoo ikazama hadi chini, akavuruga yote. Akapiga fundo, akafumba macho: "Aaah!"

Mimi nikapiga kata mbili.

Chumvi ilitangulia, kisha uchungu ukakaa nyuma ya ulimi kama muarobaini. Uchungu huo ndio ungepaswa kunishtua, maana ndio wa haluli yenyewe, chumvi ya kuharisha. Waingereza walikuwa wakifunga safari hadi Epsom, mji wa kwao, kunywa maji ya aina hiyo, lakini wao walijua walichofuata. Chumvi hiyo mwili hauifyonzi vizuri. Inabaki tumboni ikiyavuta maji kutoka kila upande, na maji yakishajaa huko ndani, hayaombi ruhusa. Huanza kazi baada ya muda wa nusu saa hadi saa sita. Yangu ilichukua dakika arubaini.

Relini hakuna pa kujificha. Ndiyo sifa ya reli: mtu anaonekana tangu mbali. Nikakimbilia mikokoni huku nagombana na bizimu ya mshipi mpya. (Ami alikuwa na kikoi. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.) Nikachuchumaa palipokuwa na mchu, na mchu mizizi yake huchomoza matopeni kama penseli zilizochongwa. Sisemi zaidi.

Nikiwa hapo, maji yakanigusa kisigino. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu kama huo, bahari ya Mombasa hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, na hupanda zaidi ya mita 3. Haipandi sawasawa: saa ya kwanza inanyemelea, saa ya tatu na ya nne inakuja mbio. Yaani kati ya saa sita na saa nane. Nikatazama saa. Saa saba kasoro robo.

Kuinuka sikuweza, kukaa sikuweza. Maji yalipofika magotini tumbo likakata shauri, nikajitosa kuelekea relini. Tope likabaki na champali ya kushoto.

Ami nilimkuta amekaa juu ya chuma cha reli, kajikunjia kikoi, mkavu, anakula embe.

"Ami, wewe tumbo halikusumbui?"

"Mimi nilisukutua tu."

Kwenye tuktuk dereva alitandika mfuko wa nailoni kabla sijakaa. Ami akalipakata dumu lake, limejaa pomoni.

"Na hilo la nani?"

"La shemeji yangu, siku ya nne hajapata choo. Nilikuwa sijui kipimo." Akanitazama miguuni, akahesabu kwa vidole. "Nitampa nusu kata."