Ule waya wa plagi mbili ukatwe

Umeme ulipokatika juzi jioni nilikuwa dukani kwa shemeji yangu, Mbagala. Akatoa jenereta, akaiwasha, akachukua waya wenye plagi kila ncha: moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani. Duka na nyumba vikawaka.

"Shemeji, umezima meni swichi?"

Akasita kidogo, kisha akakimbia kuizima, ile swichi kuu inayotenga nyumba na laini ya mtaani.

Kule kusita ndiko kunakonitisha. Transfoma ya mtaani hushusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi hizi 230 za majumbani. Meni swichi isipozimwa, umeme wa jenereta hutoka nje hadi kwenye transfoma; ukiingia kwa upande wa pili, transfoma hiyohiyo huupandisha. Umeme wa jenereta ya dukani unaweza kufika juu ya nguzo ukiwa na maelfu ya volti, na huko juu yuko kijana wa TANESCO, shirika la umeme, anayeamini laini imezimwa.

Nimeshajibiwa mara nyingi kwamba jenereta ndogo haiwezi kubeba mtaa, itazidiwa na kuzima. Mara nyingi ni kweli. Lakini waya wa mtaani ukiwa umekatika nguzo mbili tu kutoka kwako, hakuna mtaa wa kubeba; jenereta inanguruma vizuri na kipande kile cha waya kiko hai. Wengine husema mafundi hupima kwanza. Hupima, ndiyo, ila kipimo cha saa kumi jioni hakijui utawasha jenereta saa moja usiku. Na umeme wa gridi, yaani wa TANESCO, ukirudi ghafla wakati jenereta bado imechomekwa, viwili hivyo vinagongana, na jenereta inaweza kuungua pamoja na nyaya za nyumba. Sijataja bado mtoto atakayechomoa ncha moja na kushika vyuma vya plagi vyenye volti 230.

Dawa yake ni chenji-ova, ile swichi yenye gridi upande mmoja, jenereta upande wa pili na sifuri, yaani kuzima, katikati. Kwa umbo lake haiwezi kushika pande zote mbili kwa wakati mmoja, hata ukiwa na usingizi, hata ukisahau. Iwe inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) pamoja, na afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Sola nayo ina habari yake. Invata, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri kuwa wa majumbani, ikiwa imetengenezwa kuungana na gridi hujizima gridi ikipotea, ndiyo maana mwenye paneli bila betri hukosa umeme mchana kweupe. Huo si ubovu, ni kinga ya yule kijana wa nguzoni. Ninayoiogopa ni invata ya betri isiyo na kinga hiyo, mtu anapoichomeka kwenye soketi kama jenereta ya shemeji.

Shemeji alilalamikia bei ya chenji-ova. Tukachangia, ikafungwa Jumamosi. Ule waya nilimwomba, nikaukata vipande vinne kwa koleo lake mwenyewe.