Wake Sita wa Henry

Kodi unalipa, baridi unaivumilia, basi la alfajiri unalipanda kila siku, na bado Uingereza haijaridhika. Kabla ya kukupa ukaazi wa kudumu au uraia, inakuwekea mtihani, inataka ujue mfalme wake wa kale, Henry wa Nane, alioa wanawake wangapi. Sita! Na kuwahesabu tu hakutoshi, ujue na nani aliachwa, nani alikatwa kichwa. Waliokatwa ni Anne Boleyn na Catherine Howard. Sasa akina Catherine wako watatu na akina Anne wawili. Usipowaandika kwenye karatasi ukaibandika mlangoni mwa friji, utamchinja asiyehusika.

Mtihani wenyewe, Life in the UK, ni maswali 24 kwa dakika 45. Unatakiwa upate 18. Makosa sita unasamehewa, la saba linakurudisha nyumbani usubiri siku 7, kisha utoe tena pauni 50.

Muda unatosha na kubaki. Mtego uko kwenye maswali. Mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne, mengine kweli au si kweli, halafu linakuja lile shetani: chagua majibu MAWILI. Mtu anabofya moja, anasonga mbele kifua wazi. Kakosa. Hapa hakuna nusu alama ya kukupoza.

Na hayo mazoezi ya bure ya kwenye simu, angalia vizuri: mengine ni ya toleo la zamani. Maswali yanatoka kwenye kitabu rasmi, toleo la tatu, na sura ya historia ndiyo yenye tumbo kubwa. 1066, vita vya Hastings. 1810, Sake Dean Mahomet, mhamiaji mwenzetu, anafungua London mkahawa wa kwanza wa mchuzi wa Kihindi. Halafu watakatifu: David wa Wales 1 Machi, Patrick wa Ireland Kaskazini 17 Machi, George wa England 23 Aprili, Andrew wa Scotland 30 Novemba. Mwulize jirani mzaliwa wa hapohapo siku ya George ni lini, atakuuliza kwani kuna mechi?

Lakini wengine wanaangushwa na jina lao wenyewe. Nafasi unaiweka mtandaoni, angalau siku 3 kabla, na jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye kitambulisho utakachokwenda nacho. Lile jina la babu ulilozoea kulikata libaki herufi moja, leo liandike lote. Likipishana, mlangoni wanakugeuza na pesa hairudi, hata kama wake wa Henry unawajua mpaka mashangazi zao.

Aliye chini ya miaka 18 hafanyi, wala aliyetimiza 65. Mzee wa 64 na nusu, pole, kamata kitabu.

Ukifaulu unapewa namba ya kumbukumbu. Itunze, ndiyo inayojazwa kwenye fomu ya maombi. Ada ya fomu hiyo sasa, ukiiona, zile pauni 50 utazikumbuka kwa mapenzi.