Mlinzi Hakulala, Alipitiwa na Usingizi

Katika kikao cha mwezi uliopita cha wakazi wa nyumba tunamopanga, ajenda iliyokula muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya mlinzi wa usiku, aliyekutwa saa kumi alfajiri amejiinamia kwenye kiti chake cha plastiki huku tochi ikiwaka mapajani. Jirani aliyemkuta alimpiga picha, na kabla jua halijachomoza picha ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp. Wengi walitaka akatwe mshahara wa siku tatu. Nilipinga, na kwa kuwa dakika mbili nilizopewa hazikutosha, naeleza sababu zangu hapa.

Kwanza ni lugha yetu wenyewe. Kulala ni tendo la mtu: anatandika, anazima taa, anajilaza. Usingizi, kinyume chake, haufanywi na mtu. Hutushika, hutuchukua, hutupitia, na usiku mwingine huruka ukatuacha tukihesabu boriti. Waliotuachia maneno hayo hawakuwahi kuupasua ubongo, lakini naamini waliona jambo ambalo kikao chetu hakikuliona.

Waliokuja kuupasua walithibitisha hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Constantin von Economo wa Vienna alihudumia wagonjwa wa homa ya ubongo ya ajabu: wengi walilala siku nyingi mfululizo, na wachache hawakupata hata lepe la usingizi. Alipochunguza bongo za waliofariki, aliona kwamba waliolala kupita kiasi walikuwa wameharibika sehemu ya nyuma ya haipothalamasi, kijisehemu kidogo kilicho chini kabisa ya ubongo, na waliokosa usingizi walikuwa wameharibika sehemu yake ya mbele. Hapo akahitimisha kwamba kuwa macho kuna mahali pake na usingizi una mahali pake.

Tangu hapo imefahamika kwamba seli za pande hizo mbili hunyamazishana. Zile za usingizi zikiamka huzizima za kukesha, na za kukesha zikipata nguvu huzizima za usingizi, mfano wa bembea ya ubao ambayo upande mmoja ukishuka mwingine hauna budi kupanda. Ndiyo maana mtu hapiti polepole katika hali ya nusu usingizi kwa saa nzima. Huwa anapigana na kope zake, kisha ghafla hayupo. Kinachoishikilia bembea upande wa kukesha ni kemikali iitwayo oreksini, iliyogunduliwa mwaka 1998, na wanaopoteza seli zinazoitengeneza huweza kusinzia katikati ya mazungumzo. Histamini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo husaidia kutuweka macho, na aliyewahi kumeza Piriton kwa ajili ya mafua, kisha akashindwa kuendelea na kazi, ameonja kinachotokea histamini inapozibwa njia.

Sasa tumrudie mlinzi wetu. Anaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki. Kadiri anavyokaa macho, adenosini, kemikali inayoleta uchovu, inajilimbikiza ubongoni mwake na kuusukuma upande wa usingizi. Saa nne usiku muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na mlinzi hunywa viwili vya kahawa chungu. Kafeini hukalia nafasi ambayo adenosini ingekaa, lakini adenosini yenyewe haiondoi: mdai bado yuko nje ya mlango, na kahawa ikiisha nguvu ataingia na deni lake lote.

Kuna pia saa ya ndani, kundi la seli zipatazo 20,000 zilizo juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Saa hii hujirekebisha kwa mwanga, na kwa kiasi fulani inafanana na saa ya Kiswahili, ambayo nayo huanza kuhesabu kunapokucha. Karibu na saa kumi alfajiri ndipo joto la mwili hushuka kabisa na umakini ukapungua. Kwa hiyo jirani yetu alimkuta mlinzi katika saa ile ile ambayo ubongo wa binadamu yeyote ungemwangusha. Asubuhi anarudi nyumbani jua likimpiga usoni, saa yake ya ndani ikiambiwa kwamba siku ndiyo kwanza inaanza, kisha anajaribu kulala kwenye chumba cha bati kilichopakana na mashine ya kusaga.

Mgonjwa wa malale, ambaye vimelea vilivyoletwa na mbung'o vikishafika ubongoni humfanya asinzie mchana na kukesha usiku, hatumwiti mvivu, kwa sababu tunakijua kilichoivuruga saa yake. Saa ya mlinzi tumeivuruga sisi, kwa ratiba tuliyoipitisha kwa kunyoosha mikono.

Mwenyekiti alinijibu kwamba wezi hawasubiri elimu ya ubongo, na kwamba hofu humwamsha mtu. Sikatai, ukisikia nyayo nyuma ya ukuta, usingizi wote huyeyuka. Lakini hofu ya makato ya mwisho wa mwezi haiwezi kuishikilia bembea usiku kucha, na kama wezi ni wa kweli kiasi hicho, basi tunahitaji walinzi wawili wanaopokezana saa saba usiku, pamoja na ruhusa ya kusinzia dakika 20 kwa zamu, badala ya mmoja mwenye woga.

Kikao kilikubali kufuta makato na kununua taa kali ya getini, ambayo kwa hakika itasaidia, maana mwanga huichelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku. Suala la mlinzi wa pili, lenye gharama, limeahirishwa hadi kikao kijacho.